Ofisa wa Benki Naye ni Mfanyakazi



Ipo dhana iliyozoeleka kwamba chama cha wafanyakazi ni chombo cha watu wa viwandani, wa bandarini, wa reli na wa mashambani. Mtu avaaye shati lililopigwa pasi, akaaye nyuma ya meza na kutunza funguo za chumba cha fedha, huhesabiwa kuwa yuko upande wa mwajiri. Husemwa kwamba mtu huyo ana mshahara mzuri, ana mkopo wa nyumba wa riba nafuu, na kwamba akipatwa na shida atamwona mkubwa wake na mambo yatakwisha. Chama cha nini tena?

Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa matukio. Mahali pazuri pa kuipimia ni India, nchi ambayo maofisa wa benki wamekuwa na vyama vyao kwa miongo mingi, na ambayo mapatano yao na waajiri yameandikwa na kutangazwa. Mapatano hayo yanafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ofisa aliye peke yake aweza kuwa mnyonge kuliko hata karani anayemsimamia. La pili ni kwamba chama chaweza kuuondoa unyonge huo, lakini manufaa yake huwafikia wale tu waliokumbukwa mezani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Historia ya mabenki ya India inagusana na ile ya Tanzania. Tarehe 6 Februari, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Serikali ya Tanzania iliyataifisha mabenki ya biashara, na miongoni mwake yalikuwamo matawi ya Bank of India na Bank of Baroda. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Julai, 1969, mabenki hayo mawili yalitaifishwa huko kwao pia, pamoja na mengine kumi na mawili. Mengine sita yakafuata tarehe 15 Aprili, 1980. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuzitoa fedha mikononi mwa familia chache za wenye viwanda na kuzifikisha kwa mkulima, fundi na mfanyabiashara mdogo. Mwaka 1969 India ilikuwa na matawi ya benki yapatayo 8,300. Ilipofika 1990 matawi hayo yalikaribia 60,000, na sehemu kubwa ya matawi mapya ilifunguliwa vijijini.

Kila tawi jipya lilihitaji meneja. Meneja huyo alikuwa ofisa, mara nyingi kijana, aliyepelekwa mahali ambapo pengine hakujua hata lugha ya wenyeji. Alipima maombi ya mikopo, akatunza funguo, akafunga hesabu usiku, na fedha zilipopotea yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Kazi ya kuifikisha benki kijijini, ambayo wengi huisifu Serikali kwayo, ilibebwa mabegani mwa watu hao.

Lakini sheria haikumtazama ofisa huyo kama ilivyomtazama karani wake. Sheria ya Migogoro ya Viwandani ya India ya mwaka 1947 iliwalinda wale iliowaita wafanyakazi. Iliwaacha nje wenye kazi za uongozi, na wasimamizi ambao mshahara wao ulizidi kiwango fulani, kiwango ambacho kwa muda mrefu kilikuwa rupia 500 kwa mwezi. Makarani wa benki walikuwa wameunda chama chao cha nchi nzima tangu 1946. Madai yao yalifika mbele ya mabaraza ya usuluhishi, yakazaa hukumu mashuhuri za Sastry mwaka 1953 na Desai mwaka 1962. Hatimaye, tarehe 19 Oktoba, 1966, walitia saini mapatano yao ya kwanza ya ana kwa ana na waajiri. Ofisa hakuwa na mlango huo. Hakuweza kulipeleka dai lake la mshahara mbele ya baraza, na kila benki ilimlipa kwa viwango vyake yenyewe.

Mabadiliko yalianza pale Serikali, ambayo sasa ilikuwa mwajiri wa wote, ilipoona kwamba haiwezi kuendesha mabenki kumi na manne kwa taratibu kumi na nne. Kamati ya Pillai iliyotoa taarifa yake mwaka 1974 ilipendekeza viwango vya aina moja. Kanuni za utumishi zilizotokana na kazi hiyo zilianza kutumika tarehe 1 Julai, 1979, zikiwapanga maofisa wote katika madaraja manne yenye ngazi saba za mishahara. Kanuni hizo hazikuandikwa na chama cha maofisa. Hata hivyo ziliwapa maofisa kitu wasichokuwa nacho zamani, yaani lugha moja ya madai. Meneja wa tawi wa Kerala na mwenzake wa Punjab, hata wakiwa katika benki mbili tofauti, sasa walisimama kwenye ngazi ileile, nao waliweza kudai kitu kilekile kwa siku ileile. Mwaka 1985 likaundwa Shirikisho la Maofisa wa Benki la India Nzima, linalojulikana kwa kifupi kama AIBOC, ambalo limekuwa kubwa kuliko vyama vyote vya maofisa hao.

Yafaa kueleza jinsi meza ya majadiliano inavyofanya kazi. Upande mmoja hukaa Chama cha Mabenki ya India, kinachowasemea waajiri. Upande wa pili hukaa muungano wa vyama tisa, vitano vya makarani na wahudumu, na vinne vya maofisa. Mapatano huhesabiwa kwa vipindi vya miaka mitano mitano. Makarani hutia saini mapatano yenye nguvu ya sheria. Maofisa hutia saini hati iitwayo Maelezo ya Pamoja, ambayo hupata nguvu yake pale bodi za benki zinapoigeuza kuwa kanuni za utumishi. Kwa hiyo ofisa anapata haki yake kwa njia ndefu zaidi kuliko karani, na katika kila hatua ya njia hiyo yawezekana haki hiyo ikacheleweshwa. Kinachoisukuma mbele ni umoja wa maofisa wenyewe.

Mfano wa wazi ni majadiliano ya kipindi kilichoanza tarehe 1 Novemba, 2017. Mwezi Mei, 2018, waajiri walitoa pendekezo lao la kwanza: nyongeza ya asilimia 2. Walisema mabenki yamepata hasara kwa mikopo isiyolipwa. Vyama vilijibu kwamba mikopo mikubwa iliyozama haikutolewa na makarani wala na mameneja wa vijijini, na kwamba si haki msiba wa wakopaji wakubwa ulipwe na mishahara ya watu wa chini. Tarehe 30 na 31 Mei, 2018, wafanyakazi na maofisa waligoma kwa siku mbili. Waligoma tena tarehe 31 Januari na 1 Februari, 2020. Mapatano yalitiwa saini tarehe 11 Novemba, 2020, na nyongeza ilikuwa asilimia 15, ikihesabiwa kuanzia siku ile ya Novemba 2017. Kutoka 2 hadi 15 ni safari ambayo hakuna ofisa mmoja ambaye angeweza kuisafiri kwa kubisha hodi kwa mkubwa wake.

Mapatano yaliyofuata, yaliyotiwa saini tarehe 8 Machi, 2024, yalitoa asilimia 17 kuanzia tarehe 1 Novemba, 2022. Yaliwahusu watu wapatao 800,000, na gharama yake ilikadiriwa kuzidi rupia bilioni 82 kwa mwaka.

Hata hivyo msomaji makini hatasimama kwenye asilimia. Asilimia hiyo huhesabiwa juu ya gharama zote za mishahara katika benki, wala si juu ya mshahara wa kila mtu. Baada ya kukubaliana juu ya jumla, kazi ngumu huwa ni kugawa: kiasi gani kiingie katika mshahara wa msingi na kiasi gani kiwe posho. Katika mapatano ya mwaka 2015 ilianzishwa posho maalumu ambayo haihesabiwi katika pensheni. Mfukoni, fedha hizo ni fedha kama nyingine. Siku ya kustaafu hazionekani. Mwanachama asiyesoma mapatano yake hufurahia nyongeza leo, akaja kugundua baada ya miaka ishirini kwamba sehemu yake ilikuwa ya muda tu.

Jambo la pili ambalo chama cha maofisa hulipigania ni nani ahesabiwe kuwa ofisa. Katika majadiliano yaleyale ya 2018, baadhi ya mabenki yalitoa idhini ya kujadili mishahara ya maofisa wa ngazi ya kwanza hadi ya tatu tu. Wa ngazi ya nne hadi ya saba wangepangiwa na benki zao. Mtu aweza kuuliza: maofisa wadogo wana hasara gani wakubwa wakiondolewa? Jibu ni kwamba ofisa mdogo wa leo ndiye ofisa mkubwa wa kesho, na kwamba mkubwa ambaye mshahara wake unapangwa faraghani hatathubutu kusema neno pale mdogo wake anapoonewa. AIBOC ililitambua jambo hilo, na tarehe 21 Desemba, 2018, maofisa waligoma, wakidai kwamba ngazi zote saba zijadiliwe pamoja.

Tena liko suala la muda wa kazi. Karani anayebaki kazini baada ya saa huandikiwa malipo ya ziada. Ofisa haandikiwi. Mwezi Novemba, 2016, Serikali ya India ilipobatilisha ghafula noti za rupia 500 na 1,000, umati wa watu ulijipanga nje ya kila tawi kwa wiki nyingi, na maofisa walifanya kazi hadi usiku na siku za mapumziko. Shida hiyo ilikuwa ya dharura, lakini ilifunua hali ya kila siku, kwamba muda wa ofisa huchukuliwa kana kwamba hauna bei.

Katika mapatano ya 2015 vyama vilipata hatua moja: tangu Septemba mwaka huo, Jumamosi ya pili na ya nne za kila mwezi zikawa siku za mapumziko, na Jumamosi zilizobaki zikawa za kazi kutwa. Dai la kuzipata Jumamosi zote liliendelea. Mwaka 2024 waajiri walikubali juma la siku tano, huku vyama vikiwa tayari kurefusha kazi ya kila siku kwa dakika 40, lakini hati iliyotiwa saini iliacha neno la mwisho kwa Serikali na Benki Kuu. Hapo paonekana mpaka wa uwezo wa chama: chaweza kumshawishi mwajiri aliye mbele yake, lakini mwenye mali akiwa ni Serikali, sahihi ya mwajiri peke yake haitoshi.

Kazi nyingine ya chama haionekani magazetini, nayo ni kumtetea mwanachama mmoja mmoja. Ofisa wa mikopo hufanya kazi ya kukisia mambo yajayo. Humkopesha mkulima akitumaini mvua, na mvua isiponyesha mkopo hauregeshwi. Baada ya miaka mitano mkaguzi hufungua jalada na kuuliza kwa nini fedha zilitolewa. Kosa la kukadiria hugeuka kuwa shtaka la utovu wa nidhamu. Kanuni za nidhamu za mwaka 1976 zinamruhusu ofisa anayeshtakiwa kusaidiwa na ofisa mwenzake katika uchunguzi, ilhali wakili haruhusiwi ila kwa masharti. Kwa sababu hiyo chama hulazimika kuwa na watetezi wake wanaozijua kanuni na wajuao kusoma jalada la mkopo. Mtetezi wa namna hiyo hatakiwi kuwaficha wezi. Chama kinachomlinda mwizi wa fedha za wananchi hujichimbia kaburi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyekosea kwa nia njema hahukumiwi pamoja na aliyeiba. Ofisa anayejua kwamba atasikilizwa kwa haki ataendelea kumkopesha mkulima. Asiyejua hivyo ataziweka fedha salama na kumfukuza mwombaji.

Sasa lipo jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni pensheni. Hapo ndipo sifa na lawama za vyama hivyo hukutana.

Tarehe 29 Oktoba, 1993, yalifikiwa mapatano ya kuanzisha pensheni katika mabenki, na kanuni zake zikatoka mwaka 1995. Ofisa alitakiwa kuuacha mchango wa mwajiri katika mfuko wa akiba, na badala yake apate pensheni maisha yake yote. Aliyetumikia miaka 33 angepata nusu ya wastani wa mshahara wake wa miezi kumi ya mwisho. Wengi hawakujiunga. Kanuni hizo zilikuwa na kifungu kilichotishia kwamba kushiriki mgomo kungeweza kumpotezea mtu miaka yake ya utumishi, na watu waliona heri kubaki na akiba yao. Baadaye kifungu hicho kiliondolewa, lakini waliobaki nje walibaki nje. Vyama vilidai kwa miaka mingi wapewe nafasi ya pili, na tarehe 27 Aprili, 2010, nafasi hiyo ikapatikana, wanachama wenyewe wakichangia sehemu ya gharama. Wazee waliokwisha staafu walirudisha fedha walizopokea ili waingie katika pensheni. Huo ulikuwa ushindi wa kweli.

Lakini karatasi hiyohiyo ya 2010 ilikubali kwamba kila atakayeajiriwa kuanzia tarehe 1 Aprili, 2010, hatapata pensheni hiyo. Angeingizwa katika mpango mpya wa michango, ambao malipo yake hutegemea soko la mitaji. Vijana hao hawakuwa na kura katika mkutano wowote wa chama, kwa kuwa wengi wao walikuwa bado shuleni na vyuoni. Mpango huo Serikali ilikwisha kuwawekea watumishi wake wapya tangu 2004, na huenda vyama visingeweza kuuzuia. Lakini matokeo ni kwamba leo, katika tawi moja, maofisa wawili wenye kazi moja na ngazi moja wana uzee wa aina mbili. Mmoja anajua atakachopata, na mwingine hajui. Kadiri miaka inavyopita, yule asiyejua ndiye anayekuwa wengi, na chama kinatakiwa kuwapigania watu ambao saini yake iliwaacha nje.

Ni haki pia kusema kwamba vyama havikulala. Mapatano ya Novemba 2020 yalidai pensheni ya wajane na yatima iboreshwe. Kabla ya hapo pensheni hiyo ilikuwa na kikomo cha rupia 9,284 kwa mwezi, hata kama marehemu alikuwa ofisa mkubwa. Mwezi Agosti, 2021, Serikali ilitangaza kukubali iwe asilimia 30 ya mshahara wa mwisho bila kikomo hicho, na mchango wa mwajiri kwa walio katika mpango mpya ukapandishwa kutoka asilimia 10 hadi 14. Mwaka 2024 wastaafu walipewa malipo ya hisani ya kila mwezi, ingawa pensheni yao ya msingi haikurekebishwa. Hisani ni afadhali kuliko kukosa, lakini anayepewa hisani hawezi kuidai kama haki yake.

Hapana budi kumkumbuka pia mtu wa tatu, naye ni mwenye amana. Siku benki inapofungwa kwa mgomo, tajiri hupitisha malipo yake kwa simu. Anayesimama mlangoni akiwa na kitabu chake mkononi ni mzee anayefuata pensheni na mkulima anayetaka fedha za mbegu. Kwa hiyo chama cha maofisa kina wajibu wa kumweleza mwananchi sababu za mgomo kabla ya kugoma. Mwananchi asipoelezwa, ataamini kwamba watu walioshiba wanadai kushiba zaidi.

Mambo haya hayako mbali na Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakipa chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi haki ya kujadiliana na mwajiri na kufunga mkataba wa hali bora, nao wafanyakazi wa benki huitumia haki hiyo. Lakini sheria hiyo inakataza mtumishi wa ngazi ya juu ya uongozi kuwa katika chama kinachowawakilisha walio chini yake kwa mwajiri huyohuyo. Sababu yake yaeleweka. Mtu hawezi kukaa pande mbili za meza moja. Hatari yake ni pale mwajiri anapolitanua neno "uongozi" hadi limeze kila mwenye meza na kiti. Mwalimu mkuu na mkuu wa idara wanaifahamu vizuri hali hiyo: hutoa amri asubuhi kwa niaba ya mwajiri, na mwisho wa mwezi husubiri mshahara uleule uliopangwa na mwajiri huyo.

Kwa watumishi wa umma na walimu, ambao majadiliano yao yanaongozwa na sheria yake ya mwaka 2003, funzo la maofisa wa India ni la vitendo. Kila mapatano yanapoletwa, mwanachama aulize maswali manne. Je, nyongeza imeingia katika mshahara wa msingi au imekuwa posho? Itahesabiwa tangu lini, na malimbikizo yatalipwa lini? Nani ameachwa nje, aliye juu, aliyestaafu au atakayeajiriwa kesho? Na mwenzetu akishtakiwa, ni nani atakayesimama karibu naye akiwa amelisoma jalada?

Chama chenye wanachama wanaouliza maswali hayo huingia katika majadiliano kikijua kinachotakiwa, na mwajiri naye hujua kwamba hati atakayotia saini itasomwa hadi mstari wa mwisho. Chama ambacho wanachama wake hungoja tu kuambiwa asilimia kitaendelea kuleta asilimia, na walioachwa nje watajijua siku ya kustaafu.